"Gemu Imekataa": Maradhi Matatu Yanayochanganywa

Mtu akileta laptopu kwa fundi na kusema "gemu imekataa", bado hajasema neno ambalo fundi anaweza kulishika. Imekataaje? Unaibonyeza na haifunguki kabisa? Inafunguka, unaicheza dakika kumi, kisha inajifunga na kukurudisha kwenye skrini ya Windows? Au inachezeka, ila picha zinakwamakwama kama gari linaloishiwa mafuta? Hayo ni maradhi matatu. Kila moja lina chanzo chake, na dawa ya moja haigusi jingine. Hapa Uthiru, Nairobi, nimeona vijana wakinunua RAM ili kutibu gemu isiyofunguka, na wengine wakifuta Windows nzima ili kutibu gemu inayokwama. Pesa zinakwenda, bando linakwenda, na gemu inabaki vilevile.

Gemu yenyewe mara nyingi ni Skyrim. Bethesda Game Studios waliitoa tarehe 11 Novemba 2011, na toleo lililoboreshwa, Special Edition, likafuata tarehe 28 Oktoba 2016. Ni gemu ya kuigiza mhusika: unamuumba mtu wako, unamchagulia kabila na sura, kisha unamwachilia katika nchi ya milima na theluji aishi atakavyo. Gemu ya zamani hivyo bado inawashika vijana wa leo, na sababu ya kwanza ni ya hesabu tu. Special Edition inaomba GB 12 za diski. Baldur's Gate 3, ya mwaka 2023, inaomba GB 150. Kwa intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde, ambayo nyumba nyingi za huku zinaijua, ya kwanza inapakuliwa kwa saa tano na kitu. Ya pili inahitaji karibu siku tatu, mchana na usiku, bila mtandao kukatika hata mara moja.

Sababu ya pili ni modi, yaani nyongeza ambazo wachezaji wenyewe wanazitengeneza na kugawiana: silaha mpya, vijiji vipya, hali ya hewa, nyuso za wahusika, hadithi nzima. Bethesda walifungua mlango huo tangu Morrowind, mwaka 2002, walipouza gemu pamoja na zana ya kuijengea. Nexus Mods, ghala kubwa la kazi hizi lililoanzishwa na Mwingereza Robin Scott mwaka 2001, lina maelfu kwa maelfu ya modi za Skyrim pekee, na nyingi ni za bure. Valve na Bethesda walijaribu kuziuza kupitia Steam, duka la Valve la mtandaoni, mwezi Aprili 2015; wachezaji wakapinga kwa sauti moja, na mpango ukaondolewa baada ya siku chache.

Vijana wengi wa Kenya walikutana na modi kwanza kwenye simu, wakipaka rangi matatu ndani ya Bus Simulator Indonesia. Pale kazi ni rahisi: unapakua basi, unalivisha michoro, unaendesha. Basi lako haligombani na basi jingine, kwa sababu kila moja linasimama peke yake. Mazoea hayo ndiyo yanayowaponza wanapofika Skyrim. Huku modi zinagusana. Ya hali ya hewa inagusa taa, ya taa inagusa nyumba, ya nyumba inagusa mji, ya mji inagusa njia wanazopita wahusika. Ukiweka modi hamsini kwa usiku mmoja umeunganisha vitu hamsini vilivyotengenezwa na watu hamsini ambao hawajawahi kuonana, na umeviweka kwenye mashine ambayo pengine hakuna hata mmoja wao aliyeifikiria.

Mashine yenyewe lazima itazamwe kwa haki. Nyingi ni zile tunazoita ex-UK: laptopu zilizofanya kazi maofisini Ulaya, zikamaliza muda wao, zikaletwa na kuuzwa kwenye maduka ya Moi Avenue na Luthuli. HP EliteBook 840 G3 ni ya kawaida sana, na Lenovo ThinkPad T470 pia. Ni mashine imara, zina kibodi nzuri, na zinafunguka kwa bisibisi bila kuvunja kitu. Lakini nyingi hazina kadi ya picha inayojitegemea. Kazi ya kuchora inafanywa na sehemu ndogo iliyo ndani ya prosesa, Intel HD Graphics 520 au 620, na sehemu hiyo haina kumbukumbu yake: inaazima kutoka kwenye RAM ya kawaida. Bethesda wanataja GeForce GTX 470 au Radeon HD 7870 kuwa kiwango cha chini cha Special Edition. Kwa karatasi, EliteBook haifai. Kwa vitendo, inacheza, mradi uishushe hadi nukta 1280 kwa 720 na usiibebeshe yasiyo yake. Miongozo mingi ya modi huandikwa na watu wenye kadi za picha ambazo bei yake inanunua laptopu kadhaa za namna hii. Mwongozo wao ni sahihi kwao. Ukiufuata neno kwa neno hapa, utapata maradhi yote matatu kwa pamoja.

Tuanze na gemu isiyofunguka. Kijana wa jirani alikuja kwangu jioni moja amekumbatia EliteBook yake. Ana miaka kumi na tisa, anasoma ufundi, na ana adabu.

"Shikamoo, mzee. Nimeambiwa mjini RAM haitoshi. Niko na nane, wanataka niongeze nane. Lakini nilitaka uione kwanza."

Nikamwambia aiwashe. Nembo ya Bethesda ikatokea, ikakaa sekunde mbili, gemu ikatoweka. Hakuna ujumbe, hakuna kelele. Nikamwuliza kama ilishawahi kufika kwenye menyu. Akasema ilifika vizuri wiki nzima, mpaka alipoongeza "modi kidogo". Kidogo ilikuwa thelathini na moja.

Gemu inayotoweka mahali pale pale kila mara, kabla ya menyu, karibu kamwe haina shida ya RAM. Bado haijabeba kitu cha kuimaliza. Inasoma orodha ya vitu vyake, na katika orodha kuna kitu kinachokosekana au kisicholingana. Alikuwa anatumia Mod Organizer 2, nami nikashukuru, maana programu hiyo haimwagi modi ndani ya folda ya gemu. Kila modi inakaa kwenye folda yake, na gemu ikifunguliwa inaonyeshwa kana kwamba vyote viko pamoja. Ukitaka kuondoa modi unatoa alama tu. Upande wa kulia wa dirisha, kwenye orodha ya plagini, yaani faili ambazo modi huzileta zisomwe na gemu, kulikuwa na alama ndogo ya onyo mbele ya jina moja. Nikaweka kishale juu yake, ikaandika jina la faili inayokosekana. Kijana alikuwa amepakua faili ya kupatanisha modi ya vijiji na modi ya hali ya hewa, lakini modi ya hali ya hewa yenyewe hakuwa nayo. Upakuaji wake ulikatika usiku, akaendelea na mengine. Wenyewe huiita faili ya namna hiyo kiraka, na yeye alikuwa ameweka kiraka bila nguo. Tulitoa alama moja, menyu ikafunguka. RAM ilikuwa ile ile GB 8.

Chanzo kikubwa zaidi cha kutofunguka, na ndicho kinachowaumiza watu wengi ulimwenguni, ni matoleo yasiyolingana. Modi nyingi nzuri zinategemea SKSE, programu ndogo inayojishikiza kwenye gemu wakati inafunguka na kuipa uwezo ambao Bethesda hawakuuweka. Ili ijishikize, lazima ijue kila kiungo cha gemu kiko wapi kwenye kumbukumbu. Gemu ikisasishwa, viungo vinahama. Ndiyo maana SKSE ya toleo 1.5.97 haiwezi kufungua 1.6.640, na ya 1.6.640 haiwezi kufungua 1.6.1170. Bethesda walipotoa sasisho la kuadhimisha miaka kumi ya gemu, tarehe 11 Novemba 2021, na jingine tarehe 5 Desemba 2023, wachezaji walilala na gemu nzima wakaamka na gemu iliyokufa, bila wao kugusa chochote. Steam ilikuwa imeisasisha usiku. Fallout 4, gemu nyingine ya Bethesda, ilipata mkasa huohuo mwezi Aprili 2024. Timu ya Fallout: London, modi kubwa kiasi cha kuwa gemu kamili, ilikuwa imepanga kuitoa tarehe 23 ya mwezi huo. Sasisho rasmi lilikuwa linakuja siku mbili baadaye, wakaahirisha. Kazi yao ilitoka tarehe 25 Julai, na wenye toleo jipya la gemu wakalazimika kulirudisha la zamani kwanza.

Kulijua toleo lako ni kazi ya nusu dakika. Bonyeza faili ya SkyrimSE.exe kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua Properties, kisha Details. Namba iko pale. Iandike. Kila modi inayotumia SKSE isomwe dhidi ya namba hiyo kabla ya kupakuliwa, na Steam iwekwe isisasishe gemu mpaka utakapoifungua kupitia yenyewe. Wewe fungua kupitia SKSE.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo wengi wanalijua na hawalitaji. Nakala nyingi za gemu zinazozunguka mtaani ni za kunakiliwa kwenye flashi. Aliyeinakili hakuandika toleo, pengine amechanganya faili za matoleo mawili, na pengine ameondoa vitu ili iwe ndogo. Nimekaa na nakala kama hizo saa nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Hakuna msaada wa kweli unaoweza kuupata juu yake, kwa sababu kila swali linaanza na toleo, na toleo halijulikani. Zamani mtu angejitetea kwamba hana kadi ya benki. Tangu 2022 M-PESA ina GlobalPay, kadi ya Visa isiyoshikika inayokaa ndani ya simu, na Skyrim hupunguzwa bei mara kadhaa kwa mwaka. Mtengenezaji alipwe, na wewe upate gemu inayotibika.

Vyanzo vingine vya kutofunguka nitavipitia haraka. Gemu iliyowekwa ndani ya Program Files inalindwa na Windows, na zana za modi zinazuiwa kuandika humo. Ihamishie folda kama C:\Games. Antivirusi hupenda kuchukua faili za DLL za SKSE na kuzificha bila kukuuliza. Folda ya Documents ikiwa imemezwa na OneDrive, mipangilio ya gemu inaweza kusomwa kutoka mahali usipopategemea. Na Windows iliyowekwa upya na fundi mara nyingi haina Visual C++ Redistributable, ambayo plagini nyingi za SKSE zinaihitaji.

Maradhi ya pili, gemu inayojifunga katikati ya mchezo, yanadai subira zaidi. Ili uyaelewe, lazima ujue kwamba Skyrim yenye modi ina foleni mbili, na watu wengi wanaijua moja tu.

Foleni ya kwanza ni ya faili: picha, maumbo, sauti. Fikiria nguzo ya stima pale stejini, imebandikwa matangazo. Anayebandika mwisho ndiye anayeonekana, na wa chini yake wamefunikwa ingawa bado wapo. Modi mbili zikileta picha ya jiwe lilelile, ya mwisho ndiyo utakayoiona. Hiyo haivunji gemu. Kibaya zaidi utapata jiwe usilolitaka, au rangi ya zambarau inayowaka mahali ambapo picha haipo kabisa.

Foleni ya pili ni ya plagini, na hiyo ndiyo yenye hatari. Plagini hubeba rekodi: upanga huu una uzito huu, bei hii, makali haya. Modi moja ikibadilisha bei ya upanga na nyingine ikibadilisha makali yake, gemu haichukui bei kwa huyu na makali kwa yule. Inachukua rekodi nzima ya yule wa mwisho, na kazi ya wa kwanza inapotea kimya. Kwa upanga hilo ni dogo. Kwa mhusika, unaona uso wenye rangi tofauti na shingo, kwa sababu plagini moja imeshinda na faili za uso ni za modi nyingine. Kwa mahali ambapo wahusika wanapita, gemu inaweza kujifunga kila unapokaribia. Programu ya LOOT inapanga foleni hii kwa kanuni za jumla, na ni mwanzo mzuri, lakini haijui unachokitaka wewe. SSEEdit ndiyo inayokuonyesha rekodi zikiwa zimepangwa bega kwa bega, zinazogongana zikiwa nyekundu. Saa mbili za kujifunza kuisoma zinafaa kuliko siku tano za kuongeza na kutoa modi kwa kubahatisha.

Kosa moja linaharibu michezo mingi kuliko yote: kuondoa modi katikati ya safari. Modi zenye skripti huacha kazi zao zikiendelea ndani ya mchezo uliohifadhiwa. Ukiitoa modi, skripti zinabaki zikitafuta mwenyewe ambaye hayupo. Leo gemu itafunguka, kesho pia, na baada ya saa ishirini za kucheza itaanza kuanguka mahali pasipo na sababu. Modi za picha tupu ondoa utakavyo. Modi zenye skripti zichague kabla ya kuanza, kisha uishi nazo mpaka mwisho wa mhusika huyo.

Ushahidi unapatikana, na hilo ndilo linalonishangaza, kwamba watu wanatibu bila kuutazama. Modi iitwayo Crash Logger huandika ripoti kila gemu inapoanguka na kuiweka ndani ya Documents, kwenye folda ya My Games, Skyrim Special Edition, SKSE. Faili inatisha, mistari mia kadhaa ya namba. Usiisome yote. Tazama juu kabisa: kama kuna jina la faili ya DLL, hiyo mara nyingi ni plagini ya SKSE, na jina lake ndilo la modi unayoishuku. Shuka chini kidogo utafute majina yanayoishia na .esp, yaani plagini, au .nif, yaani umbo. Ripoti moja inaweza kudanganya. Ripoti tatu zikitaja umbo lilelile la mti, mti huo ndio mgonjwa.

Kuna kuanguka kumoja ambako hakutaji modi yoyote, na kwenye mashine zetu ni jambo la kawaida sana: kumbukumbu imeisha. Windows ikikosa RAM huazima nafasi kwenye diski, kwenye faili inayoitwa pagefile. Laptopu ya GB 8 yenye SSD ndogo iliyojaa filamu haina pa kuazima. Na kuna mafundi wanaoizima pagefile wakidai inaongeza kasi. Iwashe, iache Windows iisimamie, na iachie diski angalau GB 20 wazi. Gemu ngapi zimepona kwa hilo tu bila shilingi moja.

Sasa gemu inayokwama. Hapa ndipo RAM ya yule fundi wa mjini inapoingia, na nitaeleza jinsi alivyokuwa na haki kwa ugonjwa ambao hakuuona.

Anza na tekscha, zile picha zinazofunika mawe, nguo na ngozi za wahusika. Modi huzileta kwa majina ya 1K, 2K na 4K, na kijana huchukua 4K kwa sababu ni kubwa. Tufanye hesabu. Picha ya 4K ni nukta 4096 kwa 4096, yaani zaidi ya milioni 16 na nusu. Kwa ubanaji unaotumika sana sasa, kila nukta ni baiti moja: MB 16. Ongeza nakala ndogondogo zake za kutumika kwa mbali, inafika kama MB 21. Kila kitu kina angalau picha mbili, moja ya rangi na moja ya mabonde na vilima vya uso wake. Jiwe moja limekula zaidi ya MB 40. Jiwe lilelile kwa 1K halifiki MB 3. Sasa kumbuka kwamba HD 520 haina kumbukumbu yake na inakula RAM ile ile inayotumiwa na Windows, gemu na kivinjari ulichokisahau wazi. Na skrini yenyewe, kwa 1280 kwa 720, ina nukta zisizofika milioni moja. Umebeba jiwe la nukta milioni kumi na sita ulionyeshe kwenye dirisha la milioni moja. Jicho halitaona tofauti, lakini mashine itaubeba mzigo wote. Cathedral Assets Optimizer inaweza kuzipunguza tekscha ulizokwisha kupakua, usiku, huku umelala.

Lakini usikimbilie tekscha kabla ya kupima, maana kukwama kuna namna zake, na kila namna inajitaja yenyewe ukiisikiliza. Shusha ukubwa wa picha hadi 1280 kwa 720, ambayo ni chini ya nusu ya nukta za 1920 kwa 1080. Fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, zikipanda sana, mzigo ulikuwa wa kuchora. Zisipopanda, prosesa ndiyo iliyolemewa: vitu ni vingi mno, wahusika ni wengi mno, vivuli vinakokotolewa mbali mno. Katika gemu, simama ndani ya lango la mji wa Whiterun utazame mjini, kisha toka nje utazame tambarare. Kama fremu zinaanguka upande wa mji tu, una jibu. Kwenye SkyrimPrefs.ini punguza umbali wa vivuli na ukubwa wa ramani yake, na ondoa modi zinazojaza miji watu na miti. Ikikwama kwa nusu sekunde kila unapovuka kutoka eneo hadi eneo, kisha inaendelea vizuri, hiyo ni diski ya kuzunguka inayotafuta faili. SSD ya kawaida inaimaliza. ENB, inayoipa gemu mwanga wa filamu, usiiguse kwenye mashine isiyo na kadi ya picha. Naipenda, ni kazi nzuri sana, na si ya mashine hizi.

Namna ya mwisho ndiyo niliyoikuta kwa yule kijana alipokuwa amefurahia menyu yake. Gemu ilicheza vizuri dakika kumi na mbili. Ya kumi na tatu ikaanza kuvutavuta. Nikaweka kiganja karibu na tundu la kupumulia la EliteBook: hewa ilikuwa haitoki, na chuma kilikuwa moto. Prosesa yake, i5-6300U, ina kasi ya msingi ya gigahezi 2.4 na inaweza kupanda hadi 3. Ikikaribia nyuzi 100 inajishusha yenyewe ili isiungue. Gemu inayoanza vizuri na kudorora baada ya muda uleule kila mara inakwambia joto. Tuliifungua. Feni ilikuwa imevaa blanketi la vumbi, zito kama sufi. Barabara ya huku haijawahi kukosa vumbi, na kabla yake laptopu ilifanya kazi miaka ofisini bila kufunguliwa. Pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na shaba yake ilikuwa imekauka ikawa unga. Tukasafisha kwa brashi, tukapaka pesti mpya, tukafunga.

Nilitazama na chaja. Ilikuwa ya kuiga, haina watti zinazotakiwa. Laptopu za Dell zinakuambia wazi zisipoitambua chaja na kupunguza kasi ya prosesa. Nyingine zinapunguza bila kusema. Alipoazima chaja yangu ya watti 65, fremu zikatulia.

Ndipo tukafika kwenye RAM. GB 8 zake zilikuwa kijiti kimoja, na EliteBook 840 G3 ina nafasi mbili. DDR4 ya 2133 kwenye kijiti kimoja inapitisha takribani GB 17 kwa sekunde; vijiti viwili vinavyofanya kazi pamoja vinapitisha 34. Kwa kazi za ofisi hutaiona tofauti. Kwa kadi ya picha inayoishi ndani ya RAM, umepanua barabara yake mara mbili. Kwa hiyo yule wa mjini alitaja dawa halisi. Isingefungua gemu iliyokosa faili, na isingepoza prosesa, lakini baada ya hayo kutibiwa ndiyo pesa ya kwanza ninayomshauri mtu atumie.

Kuna mambo mawili ya mahali petu ambayo miongozo ya nje haiyajui. La kwanza ni mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku nyingi. Lakini hata siku za kawaida upakuaji unakatika na kuacha faili nusu yenye jina kamili. Ifungue faili kwa 7-Zip na uipime kabla ya kuiweka. Faili zote ulizopakua zihifadhi kwenye diski ya nje, usizifute ukishaweka modi, maana siku ya kurekebisha hutaki kununua bando upya. Orodha kubwa za modi zinazojiweka zenyewe kwa programu ya Wabbajack, za mamia ya GB, zinahitaji uanachama wa kulipia Nexus ili zipakuliwe bila kubonyeza kila faili kwa mkono. Kwa intaneti yetu na diski zetu siziungi mkono.

La pili ni stima. Laptopu ya ex-UK yenye betri iliyokufa ni sawa na kompyuta ya mezani bila UPS. Tokeni ikiisha, au taa zikipotea nchi nzima kama ilivyokuwa tarehe 25 Agosti 2023, mchezo uliokuwa unahifadhiwa sekunde ile unaharibika. Hifadhi kwa mkono kwenye faili mpya kila mara, usitegemee inayojihifadhi yenyewe, na usiandike juu ya ile ya jana.

Kijana alirudi nyumbani na daftari la shule nililompa. Ukurasa wa kwanza una namba ya toleo la gemu. Chini yake tuliandika modi moja kila mstari, tarehe ya kuiweka, na fremu alizozipata akiwa amesimama mahali palepale langoni mwa Whiterun, kabla na baada. Aliporudisha chaja yangu wiki mbili baadaye alilibeba. Mistari ilikuwa kumi na nne. Mmoja ulikuwa umekatwa kwa kalamu nyekundu: modi ya nyasi, fremu kutoka 34 hadi 19, imeondolewa siku ileile. Chini kabisa alikuwa ameacha mstari mtupu wenye tarehe tu, na kijiti cha pili cha RAM kilikuwa mfukoni mwake, bado ndani ya plastiki yake, akaniuliza kama nina bisibisi.